Mashine ya kuoshea vyombo inagoma katikati ya kazi: tuitengeneze au tununue mpya? (Njiro, Arusha)

MamaWawili_Njiro
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii. Mashine yetu ya kuoshea vyombo ina miaka 7, tuliinunua ikiwa mpya, na kwa muda wote huo haikuwahi kutusumbua. Tangu wiki tatu zilizopita inaanza vizuri, inavuta maji kwa dakika chache, kisha inasimama na kuwasha taa yenye alama ya bomba. Siku nyingine inamaliza kazi yote bila tatizo, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Fundi aliyekuja alifungua mlango, akabonyeza vitufe, akasema bodi, yaani saketi ya ndani inayoiongoza mashine, imeungua kwa sababu ya umeme kukatika na kurudi, na kwamba bodi nyingine pamoja na ufundi ni shilingi 480,000. Dukani nimeona mashine mpya ya ukubwa huohuo kwa shilingi 1,700,000. Nyumbani tuko watu 6, akiwamo mama mkwe ambaye ni mgonjwa na ninamuuguza mwenyewe, kwa hiyo mashine hii kwangu ni msaada wa kila siku wala si anasa. Mume wangu anasema tununue mpya. Mimi moyo unasita kutupa kitu ambacho juzi tu kimeosha vyombo vya nyumba nzima. Ninyi mngefanyaje?

BibiSakina
Mwanangu, pole sana kwa kuuguza. Mimi ninamuunga mkono mume wako, na nitakueleza kwa nini. Mashine yangu ya kwanza niliitengeneza mara tatu ndani ya miaka miwili. Ilianza pampu ya kutolea maji, ikafuata raba ya mlango, na mwishowe fundi akagundua kwamba bati la chini limeliwa na kutu na maji yanavujia kwenye nyaya. Nilipojumlisha fedha nilizokwisha kulipa nilikuta zimepita nusu ya bei ya mashine mpya, na bado nilikuwa ninaosha vyombo kwa mikono. Hii niliyonayo sasa ilikuja na waranti ya miaka 2, na ikigoma ninapiga simu dukani. Kwa umri wangu utulivu huo ninauthamini kuliko fedha ninayoweza kuiokoa.

FundiMajengo_Moshi
Shikamoo Bibi. Kwa mashine ile ulifanya uamuzi sahihi, maana kutu ikishatoboa bati la ndani hakuna fundi mwaminifu atakayekushauri uendelee kulipia vipuri. Habari ya dada wa Njiro ni tofauti, nami naomba niieleze kwa kirefu.

Bodi iliyoungua mara nyingi haiwaki kabisa, au inawaka na kukataa kila amri; si kawaida yake kufanya kazi Jumanne na kugoma Jumatano. Tena, dada, hukutaja popote kwamba fundi huyo alitoa mita akapima chochote. Kuihukumu bodi bila hata kufungua bati la chini ni kubahatisha kwa fedha za mwenye mali, na jambo hilo linaniuma kwa sababu linatuharibia jina sisi sote tunaokula kwa kazi hii. Kinachoamua kati ya kutengeneza na kununua ni kipande kipi kimekufa. Valvu ya kuingiza maji, pampu ya kutolea maji na raba ya mlango ni vitu ambavyo bei yake inabebeka, na kwa mashine ya miaka 7 singefikiri mara mbili. Bodi, au pampu kuu inayozungusha maji, hasa zile ambazo hita imejengwa ndani yake, ndizo zinazomfanya mtu akae chini apige hesabu. Kipimo ambacho wengi tunakitumia ni hiki: gharama ikizidi nusu ya bei ya mpya, na mashine ikawa imeshapita nusu ya maisha yake, ambayo kwa kawaida tunayakadiria kuwa miaka 10 hivi, basi nunua. Yako imepita nusu ya umri, lakini 480,000 haijafika hata theluthi ya 1,700,000. Kwa hiyo hata kama bodi ingekuwa imekufa kweli, nisingekimbilia dukani.

KijanaKijenge
Mbona hakuna aliyetaja mashine iliyotumika? Huuzwa kwa bei nafuu kuliko mpya. Ila kabla ya kulipa, soma kibati cha umeme kilicho pembeni mwa mlango. Kwetu umeme ni volti 230 na hezi 50 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, na ya Japani ni ya volti 100; transfoma itakubadilishia volti, lakini hezi itaziacha kama zilivyo.

MwalimuRau
Naomba kuuliza kabla hatujafika kwenye kununua. Taa ya bomba katika mashine nyingi maana yake ni kwamba maji hayaingii, au yanaingia polepole mno. Je, katika wiki hizo tatu mmekuwa mkitumia maji ya bomba la mjini moja kwa moja, au ya tangi? Na kama ni ya tangi, liko juu kiasi gani?

MamaWawili_Njiro
Mwalimu, mtaani kwetu siku hizi maji yanakuja siku mbili tu kwa wiki, kwa hiyo tumehamia kwenye simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3. Jikoni maji yanatoka, ingawa si kwa kasi ya zamani. Sikuwahi kuyahusisha mambo haya mawili.

MwalimuRau
Basi huenda tumepata pa kuanzia. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa karibu baa 1. Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinataka msukumo usiopungua baa 0.5, yaani kimo cha mita 5 hivi kutoka usawa wa valvu ya mashine hadi uso wa maji ndani ya tangi. Mnara wako ni mita 3. Tangi likijaa, uso wa maji unapanda labda mita moja na nusu zaidi, ukapata kama baa 0.45, na mashine ikavumilia. Likibaki robo unashuka hadi karibu na baa 0.3, nayo inasubiri maji kwa muda iliopangiwa, inayakosa, inasimama. Naamini ndiyo sababu siku nyingine inafanya kazi na siku nyingine inakataa. Ukinunua mpya ukaifunga kwenye bomba hilohilo, kuna hatari kubwa itakuwashia taa hiyohiyo.

BibiSakina
Mwalimu, hapo umenifungua macho. Lakini haya maji yetu ya Arusha yana floraidi, hii inayotia watoto madoa kwenye meno. Haiwezi kuwa ndiyo imeziba valvu?

FundiMajengo_Moshi
Bibi, swali hili huulizwa sana. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na inabaki imeyeyuka majini. Huo utando mweupe unaoganda kwenye hita ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu. Tazameni ndani ya birika la umeme: likiwa na magamba meupe, na mashine inayo. Chumvi maalumu ya mashine inasaidia dhidi ya chokaa, ila haiondoi floraidi, na chumvi ya mezani isiwekwe kabisa. Kinachoziba valvu kwenye nyumba za matangi ni mchanga na uchafu wa chini ya tangi, hasa maji yanapokaribia kwisha.

Dada, fanya hivi. Chomoa mashine kwenye umeme, funga bomba lake, kisha fungua mpira wa kuingizia maji upande wa mashine. Mdomoni mwa valvu utaona wavu mdogo. Uvute taratibu kwa koleo na kuusafisha kwa mswaki. Kabla ya kurudisha mpira, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua bomba na uhesabu muda. Mashine nyingi zinataka ndoo hiyo ijae ndani ya dakika moja. Ikizidi sana, usimwite mtu wa bodi.

MamaWawili_Njiro
Ndugu zangu, ninarudi na majibu. Wavu ulikuwa umejaa mchanga na ukoga wa kijani, kiasi kwamba sikuona tundu hata moja. Ndoo ya lita 10 ilichukua karibu dakika tatu kujaa, na hapo tangi lilikuwa nusu. Baada ya kusafisha wavu mashine ilimaliza kazi mara mbili, ya tatu ikagoma, tangi likiwa limepungua tena, sawasawa na alivyoeleza Mwalimu. Tulikaa na mume wangu tukakubaliana kufunga pampu ndogo ya kusukuma maji chini ya mnara, ambayo pamoja na fundi bomba imetugharimu shilingi 180,000, na tumesafisha tangi lenyewe. Leo ni siku ya 9 na taa ya bomba haijawaka hata mara moja. Bodi ni ileile.

Bibi, mume wangu anakusalimu, na anasema mashine hii ikifikia kutu atakuja kwako kuuliza ulinunua duka gani. Mwisho wa mwezi tunanunua stabilaiza, kwa sababu kuhusu umeme kukatika na kurudi fundi yule wa kwanza hakukosea. Ile ya friji inatosha?

FundiMajengo_Moshi
Haitoshi, dada. Hita ya mashine ikiwaka, mashine nzima inaweza kuvuta wati 2,000 au zaidi, na stabilaiza nyingi za friji hazijatengenezwa kwa mzigo huo. Soma wati kwenye kibati cha mashine yako, kisha uchukue stabilaiza yenye uwezo unaozidi hapo kwa nafasi ya kutosha. Na hiyo pampu isiwahi kuwaka tangi likiwa tupu. Mwambie fundi bomba akufungie boya la kuizima.