Naomba ushauri: kuonyesha kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) darasani

Walimu wenzangu, salaam kutoka Moshi. Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 1000 niliyoitoa kwenye redio mbovu, nikishaichaji kwa betri ya volti 9, huwasha taa ndogo ya LED kupitia rezista ya omu 1000, na darasa zima hunyamaza likitazama mwanga ukififia. Hapo sina shida. Ninachotaka sasa ni wanafunzi waone kwamba kuongeza eneo la mabamba mawili ya kapasita huongeza kapasitansi, nami nimebana foili mbili za sentimita 30 kwa 20 ziwe mabamba, zikitenganishwa na nailoni ya kufunikia madaftari, lakini volti hupotea kabla sijaisoma, nadhani kwa kuwa chaji huvujia kwenye multimita yenyewe (kifaa ninachosomea volti). Je, nikiongeza tabaka za foili itasaidia, au kuna njia nyingine isiyohitaji kipimo cha kapasitansi, ambacho hatuna?