Mimba, papa mkavu na zebaki

BintiKuze:
Asalam aleikum wanajamvi. Mimba yangu ina miezi mitano na nyonda yangu ni papa mkavu tu, yule wa kurowekwa usiku kucha kisha akatiwa nazi na ukwaju. Sasa kaka yangu baharia kanitia hofu: asema Wainuiti wa Greenland na Kanada wana zebaki, ile madini yenye sumu, mwilini kwa kula nyangumi na sili, nao wako mbali na viwanda. Imewafikiaje? Na papa wangu je? Mama mkwe asema kazaa saba kwa papa na wote wana akili. (Kuhusu mume wangu bado nachunguza.)

MchuuziLiwatoni:
Mwanangu, papa hatiwi dawa, ni chumvi na jua. Roweka, mwaga maji mara tatu, uchafu wote watoka.

FundiMaabara:
Ami, kinachotoka ni chumvi. Zebaki imeshikamana na nyama yenyewe. Huiroweki wala huichemshi ikaisha. Tena papa akikauka maji yamekwenda zake, zebaki imebaki, kwa hiyo kilo ya mkavu ina nyingi kuliko kilo ya mbichi.

Dada, zebaki hupaa na moshi wa makaa ya mawe, na pale wachimba dhahabu wanapoichoma, hata hapa kwetu Migori. Upepo huisukuma hadi kaskazini kabisa. Ikiingia majini, bakteria huigeuza ikawa ile inayodhuru ubongo wa mtoto tumboni. Kijisamaki huila kidogo, mkubwa hula vijisamaki mia, na papa anaishi miaka mingi akikusanya tu.

Lakini Wainuiti hawakuambiwa waache samaki. Kule Nunavik, kaskazini mwa Quebec, waja wazito hushauriwa wapunguze nyama ya nyangumi mweupe, wale chari, samaki wao mwenye zebaki kidogo. Nawe fanya hivyo: papa, nduwaro na nguru waweke kando hadi umalize kunyonyesha. Kula tasi, yeye ni mla mwani, au simu (wale samaki wadogo) na dagaa. Mafuta ya samaki mtoto ayahitaji.

BintiKuze:
Nimemsomea mama mkwe. Kanyamaza, kisha akamtungua papa aliyening'inia jikoni, akasema basi atamla yeye, hazai tena. Ami, tasi wapo?

MchuuziLiwatoni:
Wapo. Njoo kabla ya saa tatu, wenye mahoteli hawajafika. Na papa usimtangazie mtu, nina magunia mawili hapa.