Naomba ushauri: utepe wa usukani kwenye baiskeli ya Raleigh ya zamani

Habari za leo wakuu. Nina Raleigh ya marehemu baba, ile ya ringi za inchi 28 na breki za vyuma. Keria, kengele na dinamo nimesharudisha, kiti cha ngozi nimekipaka mafuta kikalainika. Kilichonishinda ni usukani.

Nilinunua utepe wa pamba wa sentimita 2 dukani kwa vifaa vya ushonaji. Mara ya kwanza nilianzia katikati kwenda nje. Nikivuta usukani mlimani, kiganja kikawa kinafumua kila pindo. Nikarudia kuanzia nje kwenda ndani, umekaa vizuri, ila kwenye vishikizo vya breki chuma kinaonekana, na skrubu zake zina kutu, naogopa kuzilazimisha. Mwishoni niliweka gundi ya matone, ikabanduka siku ya pili. (Soksi za plastiki za kuvisha usukani msinishauri, tafadhali!)

Wenye uzoefu: mnapitishaje utepe hapo bila kufungua vishikizo? Na nikifunga mwisho kwa uzi wa katani kisha nipake shelaki ya maseremala, ile ya kuyeyusha kwenye spiriti, haitanata mikononi kwa jasho na jua la Tabora?