Odinga, Mboya au Ngala: nani ashike usukani katika mchezo wangu?

Mtunzi: Ninaandika mchezo wa jukwaani unaoiwaza Kenya huru isiyoongozwa na Jomo Kenyatta. Nimebaki na Oginga Odinga, Tom Mboya na Ronald Ngala, na ni lazima niamue kabla ya Ijumaa.

Karani: Ndugu, umetaja watu bila kutaja mwaka. Je, historia inageuka mwaka 1961, chama cha KANU kilipokataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe kutoka kizuizini, Ngala wa chama pinzani cha KADU akaiunda, au mwaka 1966, Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais? Waigizaji nao ni wangapi?

Mzalendo: Odinga, bila shaka. Alipinga wananchi kununua kwa mkopo ardhi waliyonyang'anywa, kwa hiyo ukimpa urais, mgogoro umeshaanza.

Bi Kalamu: Mimi nilimjaribu Mboya, na sitarudia. Niliifuta risasi iliyomuua tarehe 5 Julai 1969, nikamwingiza Ikulu, nikadhani kazi imekwisha. Siku ya kwanza ya mazoezi waigizaji wakaniuliza angepatanaje na Odinga, ilhali ni yeye aliyeupanga mkutano wa Limuru wa 1966 uliommaliza Odinga ndani ya KANU. Nikaongeza onyesho la kulijibu hilo, kisha jingine la kueleza lile la kwanza, hadi mchezo wa saa moja ukawa wa saa tatu, na aliyemwigiza Mboya akajitoa akisema kwamba nimemgeuza gazeti.

Karani: Tena uchumi usingebadilika sana, kwa kuwa Waraka Nambari 10 wa 1965, uliokuwa dira ya serikali ya Kenyatta, ulitoka katika wizara ya Mboya mwenyewe.

Mpwani: Ngala mnamruka kama kawaida. KADU isingejivunja mwaka 1964, huenda majimbo yenye serikali zake yangedumu, na tusingengoja kaunti hadi katiba ya 2010.

Mzalendo: Kaunti 47 si majimbo, Bwana Mpwani. Majimbo yalikuwa machache na makubwa, na hofu iliyoyazaa ilikuwa ya jamii ndogo kumezwa na kubwa.

Mpwani: Hofu hiyo imekwisha lini?

Bi Kalamu: Na James Gichuru, aliyekuwa rais wa KANU Kenyatta alipokuwa kizuizini? Tuseme angekataa kumwachia kiti.

Mtunzi: Nilisahau kusema kwamba nina waigizaji wanne tu. Nilikuja na majina matatu, sasa nayo ni manne, na kesho ni Alhamisi.