Ushauri: nafungia nini leso na madera ya kutuma Nairobi bila faida yote kuishia kwenye mfuko?

MamaLeso_Amu
Asalaam aleikum nyote, hamjambo. Niko Amu (Lamu), nauza leso, vikoi, madera na kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, anazoshona khaloo wangu, wateja nawapata kwa simu, wengi wako Nairobi na Mombasa na sasa kuna wa Uingereza pia wameanza kuulizia. Shida yangu ni kufungia. Ile mifuko maalum ya vifurushi inayouzwa mitandaoni ni mizuri haina neno, lakini ukijumlisha mfuko, boti ya kuvukia mpaka Mokowe huko bara na parseli ya basi, pea moja ya leso faida inabaki ya kununulia mahamri. Katoni nazo siku hizi ukiomba dukani wanakuuzia, tena nguo ndani inacheza tu. Na mnajua mzigo wetu lazima uvuke maji kwanza, kusi ikivuma boti inarusha maji mpaka ndani, sitaki mtu afungue dera lake jipya akute doa la chumvi. Nataka kitu rahisi, kisipitishe maji, na mteja asihisi nimemtumia takataka. Nyinyi mnafungia nini?

Kijana_wa_Mokowe
Waaleikum salaam dada. Nenda maduka ya jumla uombe makaratasi ya belo la unga, zile kaki nene ambazo zinafunga paketi 12 za kilo mbili mbili. Wenye maduka wakishafungua belo wanaitupa, wengine wanawashia jiko. Ile karatasi ni ngumu balaa, imebeba kilo 24 kutoka kiwandani, nguo tatu nne haitazisikia. Ila ikung'ute vizuri nje, igeuze ndani nje uipanguse na kitambaa kikavu mpaka kwenye mikunjo maana unga ukibaki pale sisimizi na mende watasafiri na leso zako mpaka Nairobi. Ukiigeuza maandishi yanaingia ndani, nje inabaki kaki safi, inapendeza kabisa.

BiKikoi_Malindi
Kaki naiunga mkono lakini kaki peke yake na maji ya bahari haziwezani. Mimi huku Malindi nafanya hivi: dera likija na mfuko wake wa kiwandani siutoi kabisa, ule ndio kinga ya kwanza na hauna gharama. Usiende kununua nailoni nyepesi za kufungia ukaziita mfuko wa parseli, hizo zimepigwa marufuku toka tarehe 28 Agosti 2017, zenye mikono na zisizo na mikono, na faini yake ni kuanzia milioni mbili mpaka nne au jela mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Biashara ya leso haiwezi kubeba kesi kama hiyo mamii. Na kingine, gazeti lisiguse nguo nyeupe. Wino wake unaachia hasa kukiwa na unyevu na joto letu hili, kanzu nyeupe inatoka na mistari ya kijivu kwenye kola na haitoki kwa sabuni ya kawaida. Gazeti weka nje ya karatasi nyingine, basi.

Fundi_Langoni
Mimi ni fundi cherehani nitasema la kwangu. Viroba vya mchele! Hoteli na wapika biriani wanavyo vimejaa. Kata kiroba kwa saizi ya mzigo, kunja nguo, ndani weka kaki ya huyo kijana, kisha shona mdomo kwa shazia (ile sindano kubwa ya magunia) na uzi wa gunia, mishono ya karibu karibu. Tafuta kile kilichopakwa nailoni kwa ndani, hicho maji ya kurushwa hayapiti, kile cha wazi wazi kama chandarua kinavuja. Kwa mzigo wa heshima, wa harusi tuseme, nunua kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe ya kawaida, ushone mfuko kama foronya, mteja akifungua anabaki na mfuko wa kuwekea nguo zake. Wazee wetu parseli walikuwa wanazishona kwa kitambaa hivyo hivyo na zilikuwa zinavuka bahari. Na usifunge nguo mbichi hata kidogo, leso iliyofuliwa kuondoa ile nishasha (wanga wa kukazia) ianikwe ikauke kabisa na ipoe kivulini ndio uifunge, ukiifunga na joto la jua inatoa jasho humo ndani na ukungu unaanza njiani.

MamaLeso_Amu
MashaAllah, shukran sana jamani. Viroba sikuwa nimevifikiria kabisa. Sasa kofia je? Kofia ya vito inachukua miezi kushonwa, nikiiminya na kamba si itaharibika? Na wa Uingereza niwafungie vilevile?

Mzigo_Mkavu
Kofia ya vito ilaze bapa, juu iingie ndani kama inavyokunjwa ikiwekwa kabatini, kisha chini na juu uweke kipande cha katoni kilichokatwa sawasawa, uizungushie na karatasi laini nyeupe. Kamba ipite juu ya katoni isiguse kofia. Hapo tu ndio katoni ina kazi, kwa nguo haina.
Sasa hiyo ya nje sikiliza vizuri maana ndipo pesa inapotelea. Kampuni nyingi za kupeleka vifurushi kwa ndege hazipimi kilo peke yake, wanapima na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000, ile kubwa ndio unalipia. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 20 inatoka kilo 4.8 hata kama ndani kuna leso za kilo moja na nusu! Nguo hizo hizo ukizikunja bapa ukazikalia mpaka hewa itoke, ukafunga 35 kwa 25 kwa 8, inatoka 1.4, kwa hiyo unalipia uzito wa nguo zako tu. Kwa Posta kifurushi kidogo mwisho kilo 2, kwa hiyo pima nyumbani na mzani wa jikoni kabla hujavuka, na utajaza fomu ya forodha useme ndani mna nini na thamani yake.

BiKikoi_Malindi
Niongeze, jina na simu ya mteja andika mara mbili, nje na kikaratasi ndani. Ya nje ipitishie selotepu pana juu ya maandishi, maka peni ikipata maji inasambaa na kiroba chenyewe hakishiki wino vizuri, bora uandike kwenye kaki ukashonee.

MamaLeso_Amu
Nimeamua. Za Nairobi na Mombasa kaki ndani kiroba nje, za nje mfuko wa marekani, bapa, na fomu. Kijana wa Mokowe, makaratasi ya belo kwenu yanapatikana siku gani? Maduka ya huku Amu yamezoea kuyachana.

Kijana_wa_Mokowe
Unga ukishuka tu dada. Nitamwambia mwenye duka afungue kwa kisu pembeni asiyachane, nikutumie kwa boti ya asubuhi.

Fundi_Langoni
Na viroba pitia kwangu, shazia ninayo ya ziada.