Shangazi kapatanisha, sifa kachukua mzee. Kwenu ikoje?

Wadau habari. Huku kwetu Kyela kaka wawili wamegombania mpaka wa shamba, tangu mwaka jana hawasalimiani. Shangazi akawa anaenda kwa huyu asubuhi, kwa yule jioni, siku tatu. Akamkuta mke wa mkubwa anachambua mchele, akakaa naye wakawa wanatoa mawe pamoja, hapo ndo ikatoka kwamba shida sio mpaka, ni hela ya matibabu ya marehemu mama yao ambayo mdogo hakuchanga. Jumapili kikao cha ukoo kimekaa nusu saa yakaisha, sasa kijiji kizima kinamsifia mwenyekiti ana busara. Shangazi wakati huo alikuwa jikoni. Wanasema tu ni "mpole". Imeniuma sana.

Jibu 1
Pole ndugu. Mimi ni wa Wajir, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 90 koo ziliuana hapa, na walioanza kutafuta amani ni akina mama wa sokoni, waliweka utaratibu kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Dekha Ibrahim Abdi alikuwa mmoja wao, 2007 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Lakini hata wao ilibidi wawaendee wazee, maana kwetu Wasomali kuketi chini ya mti na kukata shauri ni kwa wanaume.

Jibu 2
Huku kwetu Tanzania Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema baraza la ardhi la kijiji ni watu 7, wanawake wasipungue 3. Nimekaa kwenye baraza. Mwenyekiti anauliza "kina mama mna la kuongeza?" wakati katibu keshaandika uamuzi na kalamu kaifunga.

Jibu 3
Mwanangu usimdharau mzee. Kikao ni ushahidi, mtu akikubali mbele ya ukoo wote kesho anaona aibu kuruka. Waliyoyamaliza jikoni nani atayasimamia?

Muuliza swali
Shikamoo mzee wangu, hapo kwenye ushahidi nakubali kabisa. Ila shangazi ndo anajua hela ya matibabu ilikuwa ngapi na nani aliahidi nini, na kikaoni hakuna aliyeitaja, wameandika mpaka tu. Mdogo mpaka leo hajalipa. Jana mke wa mkubwa kaja tena kwa shangazi analia.