Maji ya rejeta yanapungua kila wiki: nikague nini mwenyewe kabla ya safari ya Iringa?

MamaWawili

Ndugu zangu, salaam. Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2005, iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na nimeiendesha hapa Dar es Salaam kwa miezi minane. Tangu mwezi uliopita nalazimika kila Jumamosi kuongeza karibu nusu lita ya maji ya bomba kwenye kichupa cha akiba cha rejeta. Fundi wa mtaani kwetu aliniambia kwamba ni joto la Dar linaloyakausha, nisiwe na wasiwasi. Mwishoni mwa mwezi nitakwenda Iringa na watoto, na sijawahi kupanda mlima wa Kitonga nikiwa mimi mwenyewe kwenye usukani. Je, kupungua huko ni kwa kawaida? Na ni mambo gani ninayoweza kuyakagua nyumbani bila vifaa vya gereji? Najua kufungua boneti na kubadilisha tairi. Zaidi ya hapo sijui mengi.

SpanaKumi

Dada yangu, hilo si la kawaida hata kidogo. Mfumo wa kupoza injini umefungwa: maji yakipata joto hupanuka na kuingia kwenye kichupa cha akiba, na injini ikipoa hurudi kwenye rejeta, kwa hiyo joto la mji halina njia ya kukausha nusu lita kwa wiki. Maji hayo ama yanatoka nje, ama yanaingia ndani ya injini, na unachotakiwa kujua kwanza ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea.

Anza na nje. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi utazame matone yameangukia wapi. Usiyachanganye na maji ya kiyoyozi, ambayo hudondoka ukiwa umetoka kuendesha na hayana rangi wala harufu. Kisha, injini ikiwa ya baridi, pitisha mkono kwenye mipira ya rejeta ya juu na ya chini, hasa pale inapobanwa na vibanio, ukitafuta unyevu au mpira uliolegea na kupasuka. Mwisho chukua tochi umulike wota pampu, yaani pampu inayozungusha maji ya kupoza injini, upande wa mkanda. Pampu hiyo ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yaonekane nje, na mara nyingi hutaona tone lolote bali ukoko mweupe, wa waridi au wa rangi ya kutu, kwa sababu maji hukauka juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini.

Sasa ndani. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Oili nyeusi isikutishe, lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto nao huashiria kuharibika kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Ukiona kimojawapo, safari iahirishwe.

Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na presha ikiondoka ghafla huchemka yote kwa mara moja na kuruka usoni. Mimi nina kovu mkononi la mwaka wangu wa kwanza gereji, na niliyekuwa najifunza kwake alikuwa amenionya asubuhi ile ile.

Maji ya bomba nayo uyaache. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hula chuma na alumini. Nunua kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, iliyokwisha kuchanganywa.

BarabaraYaMbeya

Nakubaliana na SpanaKumi, nami naongeza ya njiani, kwa kuwa barabara hiyo naipita kila mwezi. Kabla ya Kitonga utapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na humo si mahali pa kushuka kutafuta msaada kwa miguu.

Upepo wa matairi upime asubuhi kabla gari halijatembea. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, ila magari ya Japani huandika kwa kPa wakati wajazaji wetu wanasoma PSI. 220 kPa ni karibu PSI 32. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2317 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la spea nalo lipimwe, maana ndilo husahauliwa.

Mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili za kichupa chake. Yakiwa yameshuka, usiongeze tu, kwani huenda breki pedi zimelika au kuna mahali panavuja. Wakati wa kurudi, ukishuka Kitonga, weka gia kwenye 2 au L ili injini ishike gari. Ukikanyaga breki mteremko mzima, zitapata moto na kupoteza nguvu.

Kipara_Tz

Mwambie fundi atoe thamostati kabisa, ile vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto, gari halitachemka kamwe. Kwenye langu niliitoa.

SpanaKumi

Ndugu Kipara, ushauri huo umeenea sana lakini unaficha ugonjwa. Bila thamostati injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi, na pampu inayovuja inaendelea kuvuja vile vile.

MamaWawili

Nawashukuru nyote. Boksi lilibaki kavu siku tatu, nikakaribia kumwamini yule fundi wa mtaani, lakini nilipomulika tochi nilikuta ukoko wa rangi ya kutu chini ya wota pampu. Gereji nyingine imebadilisha pampu pamoja na mkanda, imesafisha mfumo na kuweka kulanti, na leo ni siku ya tisa kiwango kiko kwenye alama ile ile. Oili ni safi. Matairi manne ni ya mwaka 2021, ila spea imeandikwa 1409. Ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa kwanza. Hiyo nitaibadilisha Ijumaa, na kichupa nitakitazama tena tutakaposimama kula Morogoro, bila kugusa mfuniko.